Vitanzi Vilivyopishana Miguu

Mkono wangu wa kulia ulipopooza, daktari aliniambia nimshukuru Mungu kwamba ulimi umesalimika. Nikamjibu kwamba heri angeuchukua ulimi akaniachia mkono. Binti yangu akamwomba radhi kwa niaba yangu, kama ilivyo kawaida yake, kisha akanisukuma kwenye kigari hadi nje.

Miaka arobaini na mmoja nimefuma masweta: ya wanafunzi, ya walinzi, ya watoto ambao hawajazaliwa. Mume wangu alipofariki, waliokuja kunipa pole walinikuta na sindano mkononi, wakanong'ona kwamba nina roho ngumu. Hawakujua kwamba kuhesabu vitanzi ndiko kulikonizuia nisipige mayowe. Ukilia unakosea hesabu, ukikosea unafumua, na hasira ya kufumua inakukausha machozi. Hakuna mteja aliyewahi kunilipa kwa hilo, na ndilo lililonifaa kuliko pesa zao zote. Kwa hiyo mkono ulipolala sikuona nimepoteza kazi tu. Niliona nimefungiwa nje ya nyumba yangu mwenyewe.

Mama wa mazoezi ya viungo alinipa mpira niuminyeminye. Nikautupa chini ya kitanda. Vidole vilipoanza kucheza kidogo, nikachukua sindano na uzi wa buluu, nikaanza skafu ya vitanzi arobaini. Mstari wa kwanza ulinila nusu saa na matusi mengi.

Nilifuma asubuhi, binti yangu akiwa kazini katika ofisi ya maji. Baada ya chakula cha mchana dawa zilinilaza kama gogo, na nilipoamka nilimkuta amesharudi, yuko jikoni anamenya viazi. Basi kila asubuhi nikiipapasa ile skafu niliiona imenyooka zaidi ya jana. Wiki ya pili haikuwa na tundu hata moja. Kichwa kikanivimba. Nikampigia simu mwalimu mkuu, mteja wangu wa miaka mingi.

"Ile oda ya masweta thelathini ya wanafunzi usimpe mtu mwingine," nikamwambia. "Nimerudi. Njoo Jumamosi uone mkono wangu."

Binti yangu alikuwa mlangoni. "Mama, si ungesubiri kidogo?"

"Nisubiri nini? Jeneza?"

Akarudi jikoni.

Ijumaa miwani yangu mipya ikaletwa. Tangu niugue nilikuwa naona ukungu, nafuma kwa kupapasa. Nikaivaa, nikasogea dirishani, nikaiinua skafu kwenye mwanga. Nikapigwa na butwaa.

Kitanzi kilichofumwa vizuri husimama miguu imeachana. Ukichomeka sindano kwa nyuma badala ya mbele, miguu yake inapishana, kama mtu aliyebanwa na haja ndogo. Kwa mbali huoni kitu, lakini fundi anaona. Mimi sijawahi kufuma hivyo hata siku moja, na hapo vilikuwa mamia, vyote vimepishana. Duniani nilimjua mtu mmoja tu mwenye kosa hilo.

Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alikaa dukani kwangu, miguuni pangu, akafuma sweta ya mwanasesere, akaniletea akiwa anatabasamu. Nilipoona vile vitanzi nikavuta uzi, mbele ya wateja watatu, nikaifumua yote mpaka ikabaki rundo. "Rudia," nikasema. Hakurudia. Miaka yote iliyofuata nikawa nawaambia watu kwamba huyu mtoto wangu hana mkono wa kazi.

Lakini si hilo lililonishtua zaidi. Vitanzi vile vilikuwa sawasawa, kimoja kama kingine, toka mwanzo mpaka mwisho. Mkono wa namna hiyo haupatikani kwa wiki mbili.

Siku hiyo sikulala mchana. Aliporudi alinikuta nimekaa na skafu mapajani na miwani usoni. Akasimama na pochi yake begani.

"Umeanza lini?" nikamuuliza.

"Kurekebisha, au kufuma?"

"Kufuma."

"Sikuwahi kuacha, mama."

Akaingia chumbani kwake, akarudi anaburuta sanduku. Ndani mlikuwa na shali, kofia za watoto, masweta ya rangi ambazo sikuwahi kuthubutu kuzichanganya. Vyote vimepishana miguu, na vyote vizuri. Anafuma ofisini saa ya chakula. Wenzake wote wanajua. Tumeishi ukuta kwa ukuta na mimi peke yangu sikujua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefumua," akasema, bila hasira yoyote.

Nililia, tena kwa sauti. "Nisamehe, mwanangu," nikasema. Neno hilo hakuwahi kulisikia kutoka kwangu, na kwa kweli lilinitoka kwa shida kuliko mstari wa kwanza wa skafu.

Tulipotulia nikamuuliza kuhusu mkono. Akaishika ile skafu. "Mkono bado, mama. Unadondosha vitanzi kumi kila mstari. Ukilala mchana nilikuwa nafumua na kufuma upya. Nilikuona unavyofurahi, nikashindwa kuacha."

Nikampigia simu mwalimu mkuu nikamwambia asije. Kisha nikautazama mkono wangu ulivyojilaza pale kama wa mtu mwingine.

"Mwaka juzi nilivunjika kidole," binti yangu akasema. "Nilikuwa nabana sindano ya kulia kwapani. Inakaa palepale, mkono wa kushoto ndio unafanya kazi yote."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilijaribu tu."

Nikamwekea sindano mkononi. "Nifundishe."

Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, akanibania sindano kwapani, akanishika kiwiko. Tukaanza vitanzi ishirini vipya. Sindano ilichomoka mara nne. Jasho lilinitiririka. Nilipofika mwisho wa mstari, akaupokea, akauhesabu kwa kidole kama ninavyohesabu mimi, na nikaona kidole kimesimama. Nilijua amekuta nini. Nikasubiri avute uzi, na nilistahili auvute.

"Vitatu vimekuponyoka, mama," akasema, akanirudishia. "Endelea tu."