Mtoto Aliyekufa Kitabuni

Jumamosi alasiri, watu kama sitini walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa parokia pale Ifakara, wamekuja kumsikiliza Justa akizungumzia riwaya yake mpya. Justa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Mlimba, mwalimu wa shule ya msingi huko Morogoro. Hiki kilikuwa kitabu chake cha tatu, na cha kwanza kukileta nyumbani.

Aliwasomea sura ya nne. Mwanamke anamkimbia mume anayempiga. Anafika stesheni ya Mlimba na mwanawe wa miaka mitano, lakini shemeji yake anawawahi na kumnyang'anya mtoto. Treni inaondoka na mama peke yake. Mtoto anabaki amesimama na sweta lake la kijani, kipande cha muhogo mkononi. Katika sura ya sita, ambayo Justa hakuisoma, mtoto yule anakufa kwa homa.

Makofi yalipotulia, Bryson, mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiongoza mazungumzo, alikaribisha maswali. Mwanafunzi mmoja aliuliza kitabu kilichukua muda gani.

"Miaka minne," Justa alijibu. "Miwili kati ya hiyo nilikuwa nafuta."

Watu wakacheka. Kisha akasimama mwanamume mrefu wa makamo, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naitwa Theodori, nalima mpunga kule Michenga. Binti yangu Jane alinisomea kitabu chako chote. Naomba kujua, habari ya lile sweta la kijani ulipewa na nani?"

"Na marehemu mama yangu. Alikuwa akiuza vitumbua stesheni. Aliyaona yale mambo kwa macho yake."

Theodori aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi yule mtoto ni mimi."

Watu wakageuka kumtazama.

"Sina ugomvi na wewe," aliendelea. "Jane alipofika pale ninapokufa alilia, ikabidi nimwambie, mbona niko hapa? Ila nimekuja kuuliza. Kwa nini uliniua?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Bryson alinyoosha mkono achukue kipaza sauti, lakini Justa alimzuia.

"Mama alinisimulia mpaka treni ilipoondoka," alisema. "Yaliyofuata niliyatunga. Nilijaribu kumwona yule mtoto akikua, nikashindwa. Sikujua mtoto aliyeachwa vile anaamkaje kesho yake. Kumuua kulikuwa rahisi. Sikuwaza kwamba yupo mahali anaishi. Nisamehe."

"Kesho yake niliamka kwa bibi yangu," Theodori alisema. "Nikanywa uji. Na mama alirudi, mwalimu. Baada ya miaka kumi na moja, baba alipokwisha kufa. Alinikuta jarubani napandikiza mpunga. Alivua viatu, akaingia kwenye maji, tukapandikiza mpaka jua likazama."

Aliketi. Justa akanywa maji. Bryson akaahirisha mazungumzo kwa dakika kumi. Wakati watu wakinyoosha miguu, Justa alimfuata Theodori, akamuuliza kama mama yake yu hai.

"Yupo. Njoo kesho baada ya misa."

Jumapili ile Justa alimkuta Bi Balbina, mama yake Theodori, ameketi barazani akipepeta mchele. Alimsalimu shikamoo, akapewa kigoda.

"Nisomee pale mwanangu anapokufa," Balbina alisema. "Wenzangu wamekataa kunisomea."

Justa alisoma sura nzima ya sita. Balbina alisikiliza ungo ukiwa magotini, bila kupepeta.

"Yule mama yako wa kitabuni," alisema sura ilipokwisha, "namwonea huruma. Atarudi kwa nani?" Akachukua tena ungo. "Mimi nilihesabu stesheni zote nilizopita, nisije nikapotea njia ya kurudi. Hilo marehemu mama yako hakuliona. Andika mahali."

Justa akatoa daftari, akaanza kumuuliza majina ya stesheni.