Ukurasa Alioukata Mwalimu

Hofu ilimwingia Ghislaine Tranchemontagne tangu ufuko ulipotoweka machoni, naye hakumwambia mtu. Walikuwa wanne katika mtumbwi wa gome la mti, katikati ya ghuba ya Ziwa Huron, na upepo ulikuwa umegeuka.

Tezini, nyuma kabisa ya mtumbwi, aliketi kiongozi wao, Delina Shawanda, Mwanishinaabe, mwenyeji wa asili wa ziwa lile, mwenye umri wa miaka sitini, ambaye wakubwa kwa wadogo wa visiwa vile walimwita Shangazi. Mbele ya Ghislaine alikuwa Bwana Fernand Gadbois, mwalimu mzee asiyejua kunyamaza, na omoni, mbele kabisa, alikuwa Maélie, aliyekuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kufundisha. Walimu hao watatu walikuwa wametoka mji wa Trois-Rivières kuifuata njia ya Wafaransa wa kwanza na wenyeji waliowavusha, ili wakawafundishe wanafunzi mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Asubuhi ile, baada ya kudondosha tumbaku kidogo majini kwa heshima, Shangazi alilitazama anga la kusini-magharibi kwa muda mrefu.

"Leo tukae," alisema. "Anga limetakata mno. Silipendi."

Siku za safari zilikuwa chache, na Ghislaine ndiye aliyeipanga. Akamwonyesha nakala ya shajara ya padre mmoja wa Kifaransa, aliyevuka mahali palepale miaka mia tatu na sabini iliyopita. "Soma hapa, Shangazi. Walivuka kwa asubuhi moja. Waliokuwa wakipiga makafi ni wazee wako."

"Wazee wangu mwenyewe?"

"Wenyewe."

"Basi, mimi nishindwe na marehemu?" Shangazi alicheka, ingawa macho yake hayakucheka, akausukuma mtumbwi majini.

Jambo ambalo Ghislaine hakumwonyesha ni ukurasa uliotangulia. Aliukata kwa mkasi wiki tatu kabla ya safari, akauondoa katika nakala za wote, kwa kuwa padre alikuwa amewatukana wenyeji humo. Aliona haya kuyaweka matusi yale mkononi mwa mwanamke ambaye angewalisha na kuwaongoza. Alijihesabia kuwa ametenda jambo la adabu.

Sasa wimbi la kwanza liliruka ubavu wa mtumbwi likamwangukia mapajani. Maji yale yalikuwa barafu wiki tano zilizopita. Kila mmoja alikuwa na jaketi la kuelea, lakini Shangazi aliwaonya tangu mwanzo: jaketi huzuia kuzama, halizuii baridi.

"Pigeni makafi! Maélie, usiyatazame mawimbi, piga!" Shangazi aliamuru.

"Shangazi," Bwana Fernand alipaza sauti, "nikifa, waambie wanafunzi wangu mtihani uko palepale!"

"Funga mdomo, babu, usije ukaumeza ziwa lote!"

Hakuna aliyecheka. Maélie alikuwa akilia bila kuacha kupiga kafi. Maji yalipanda hadi vifundoni, na Ghislaine alisikia gome likilalamika chini ya magoti yake.

Shangazi aliinama karibu na sikio lake, akasema kwa sauti ya chini ili wale wa mbele wasisikie. "Mbele hatufiki, mwalimu. Nyuma yetu kuna visiwa, lakini vimezungukwa na mawe matupu. Kuna mlango wa kupitia mahali fulani, ila mimi siujui. Siku hizi hakuna mtu apitaye huko."

 Ghislaine aliujua mlango ule. Wimbi jingine lilipita, na jingine, naye bado alikuwa amefumba kinywa, akiogopa kufa na akiogopa kusema.

"Shangazi, mlango ninaujua."

"Umewahi kufika?"

"Padre alifika. Kuna ukurasa niliukata."

"Kwa nini?"

"Una matusi ndani yake."

"Anamtukana nani?"

"Ninyi."

"Yaseme! Yote, upesi, na usiniachie neno!"

Ghislaine aliyasema huku meno yakigongana. "'Watu hawa ni wavivu, na ni waoga kama watoto. Siku nne walilala ufukweni wakidai kwamba anga lililotakata kupita kiasi ni la udanganyifu. Nilipowashurutisha kuvuka, upepo ulivuma, nao bila haya wakageuza mtumbwi wakakimbilia visiwani. Walipita kati ya viwili, wakikiacha chenye mwamba mwekundu mkono wa kulia, karibu nao kiasi cha kuugusa kwa kafi.'"

"Waoga hao ndio walionizaa," alisema Shangazi. Kisha akapaza sauti. "Sikilizeni! Nikisema sasa, wote mpige upande wa kushoto. Wimbi moja litatupiga ubavuni. Moja tu. Sasa!"

Mtumbwi ulizunguka. Wimbi liliwainua, likawaning'iniza, na Ghislaine akaliona ziwa chini ya kiwiko chake kama shimo. Halafu upepo ukawa mgongoni nao wakakimbizwa. Visiwa vikakua, mawe yakitoa povu pande zote, hata mwamba mwekundu ukaonekana.

"Mkono wa kulia?" Shangazi aliuliza. "Una hakika?"

Hakuwa na hakika tena. Alifumba macho akautafuta ukurasa gizani, mstari baada ya mstari. Kama alikosea neno lile moja, Maélie angekufa akiwa na miaka ishirini na minne.

"Kulia!"

Jiwe lilichana gome kutoka omo hadi katikati. Maji yakaingia kwa kishindo, kisha mawimbi yakakoma ghafla, wakajikuta wamesimama majini hadi viunoni katika ghuba ndogo iliyotulia, huku upepo ukinguruma nyuma ya mwamba. Bwana Fernand alimkumbatia Maélie.

Ghislaine alijikokota hadi kwenye mchanga akaanguka kwa magoti. Shangazi akaja akasimama mbele yake, naye hakuthubutu kuinua uso.

"Nilitaka kukukinga na matusi," Ghislaine alisema.

"Matusi tunayajua, mwalimu. Tumeyabeba miaka yote hiyo, na hilo moja ningelibeba. Lakini wazee wangu walisema neno mle ndani, walisema tukae, nawe ukawanyamazisha pamoja na padre wako."

 Ghislaine alitaka kuinuka, lakini vidole vyake vilikuwa vimelikamata kafi vikakataa kulegea. Shangazi alichuchumaa, akaanza kuvibandua kimoja kimoja.