Shindano ya Ornella

Mama Berthe, jirani yetu wa hapa Mususa, anasema kule Beni mutoto wa sergent mumoja alipigwa shindano, ile sindano ya munganga, ndani ya kinywa, na kinywa kikageuka upande. Anasema mpaka leo ule mutoto anakunywa chai na pembe ya mudomo. Nilimuuliza kama alimuona na macho yake.

"Weye nawe! Mutu wa Kanyabayonga njo aliniambia, na ule mutu hasemake uongo."

Alisema vile kwa sauti kubwa, na Ornella alikuwa pale pale, anashika shavu yake yenye kuvimba.

Ornella iko na miaka saba. Ni mutoto wa yaya Thérèse, dada yangu mukubwa, mwenye alienda Kasugho kuvuna maharagi na kuniachia batoto, yeye na mudogo wake Luc. Ilikuwa siku ya tatu hakuli kitu, hata uji anatema. Nikamupeleka kwa munganga wa meno.

Munganga, jina lake Abdias, alichungulia kinywa. Akasema lino iko na usaha, itoke leo, na ya pembeni itoke juma ijayo. Lakini kwanza atapiga shindano ya kulalisha nyama ya meno.

Nilizani Ornella atapiga kelele. Hapana. Aliunganisha mikono kama batu ba misa.

"Munganga, unisamehe. Sitarudia."

"Hutarudia nini?"

"Kukataa kula sombe. Na kumwanga maji. Na kusukuma Luc."

Munganga alianza kucheka, kiisha akaacha.

"Nani alikuambia shindano ni ya azabu?"

Ornella alitazama viatu vyake. Hakunitaja. Pale njo nilisikia haya, juu ni mimi nilimwambia vile. Kila mangaribi, sahani ikiwa mbele yake: "Kula, ama namuita munganga akupige shindano!" Mama yangu alitufanyia vile. Mama Berthe anafanyia batoto bake vile, na avenue yote. Na batoto banakulaka.

"Ni mimi, munganga," nikasema.

"Basi, mama, umutoshee ile maneno weye mwenyewe. Mimi hataniamini."

Nikachutama mbele ya kiti.

"Ornella, nilikudanganya. Shindano hapana azabu. Hukukosa kitu. Ni dawa, juu usisikie wakati banatoa lino."

"Haiumi, tantine?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema haiumi.

"Inauma."

"Sana?"

"Sijui. Mimi sijapigwaka kwa kinywa."

"Basi weye hukosake?"

Munganga akageuka upande wa dirisha, mabega yake yanatikisika.

Tangu tuanze kusema, munganga alikuwa amefunga kachupa ka dawa ndani ya ngumi. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema dawa ikiwa baridi inauma kupita, na ikiingia mbio pia inauma. Akaweka pamba yenye dawa ya kupaka pale kwenye nyama, tukangoja.

"Ikiuma, inua mukono," akamwambia Ornella. "Nitasimama."

Ornella akanitazama, kama anauliza kama huyu naye anadanganya. Hata mimi sikujua.

Munganga akavuta shavu, akaitikisa polepole, akaingiza shindano, akaanza kusukuma dawa kidogo kidogo. Nilihesabu moyoni. Kufika kwa sita, chozi moja likashuka mpaka kwenye sikio, na mukono ukainuka.

Munganga akasimama kweli. Akatosha shindano, akaishikilia chini, hakusema "vumilia". Tukangoja sisi wote, tunasikia pikipiki zinapita inje. Kiisha Ornella mwenyewe akashusha mukono na kufungua kinywa tena.

Lino ilitoka, yeye anatazama taa tu. Munganga akasema mudomo utakuwa muzito mpaka saa nane, kiisha utarudi sawa, lakini asiukule kwa meno.

Tukarudi kwa miguu. Ornella alikuwa anauma pamba yenye munganga aliweka pale lino ilitoka. Siku zote tukifika kwenye barabara kubwa anashika kidole changu. Leo alishika pindo ya robe yake mwenyewe.

"Ornella, juma ijayo ni ile ya pembeni. Ukubali nikulete mimi. Eh? Nitakuambia yote mbele."

Angeweza kutikisa kichwa tu, pamba haingemukataza. Alitazama upande mumoja wa barabara, akatazama upande mwingine, akavuka.