Santuri Juu ya Mwalo

Didia ilikuwa imeshabaki nyuma, na Hozefa bado anaendesha kwa mikono miwili kama mtu aliyepakia mayai. Pikapu yake haikuzoea safari. Kazi yake ilikuwa kutoka stoo kwenda dukani na kurudi, pale Shinyanga mjini, ambako marehemu baba yake, mzee Mohsin, aliuza gramafoni, na yeye mwana akaishia kuuza pampu na mipira ya maji. Kando yake alikaa Maduhu, mzee wa miguu. Huyo hajapata kukaa mahali mvua za mwaka wa pili zikamkuta. Alichunga, akavua Nkome, akachimba, akafukuzwa, akarudi, na sasa kwa miaka mingi alikuwa na kazi moja tu: kupita vijijini kumtafutia Hozefa santuri za zamani.

Si santuri zote. Dansi Hozefa hakutaka, kwaya hakutaka. Alitaka jazi na bluzi za Wamarekani weusi, zilizoingia nchini kwenye masanduku ya wamisheni, ya wazungu wa almasi na ya walimu wa kigeni. Wenyewe wakaenda zao, sahani zikabaki. Maduhu alikuta watu wameanikia ufuta juu yake, wamefunikia mitungi, na bibi mmoja alikuwa amezitundika shambani zimeremete zifukuze ndege. Alinunua, akafunga kwenye kanga, akaondoka.

Katikati yao, kwenye kiti, ilikaa pleya ya betri, imefungwa mkanda kama abiria.

Safari hii ilizaliwa na picha. Wiki iliyopita Hozefa alimwonyesha Maduhu kwenye simu jalada la santuri aliyoitafuta tangu hajaota ndevu: wanaume wanne, mmoja ameshika tarumbeta, kofia kaikalisha upande, na kwenye karatasi ya katikati ya sahani nembo ya jogoo. Waliojua mambo hayo walisema zilitoka chache, studio ikaungua, na iliyobaki duniani inajulikana moja tu, nayo imepasuka. Maduhu aliitazama ile picha mpaka simu ikazimika mwanga. Akaomba iwashwe tena. Kisha akasema mtu huyo mwenye kofia anamjua, amekula naye ugali.

Alikuwa Mwalimu Linkoni. Alikuja miaka ya Ujamaa, mtu mweusi wa Amerika, akafundisha hesabu, akapanga chumba Nyahanga kule Kahama, akamwoa Salome. Mtoto wao wa kike alikuwa bado anatambaa Linkoni aliposafiri kwenda kumzika mama yake, naye akafia hukohuko. Akaacha sanduku la mbao limejaa santuri. Salome hakuwa na mashine ya kuzipigia. Alilifunga, akalikalia mpaka kifo chake.

Mtoto huyo ni Melania, sasa mtu mzima, mwenye mwalo wa kuoshea dhahabu upande wa Geita. Maduhu alikuwa amekutana naye kwenye msiba kabla hajaiona ile picha, akamuuliza habari za sanduku. Melania akamjibu kwamba santuri anazo, hata moja hajauza, na akipita machimboni ataziona.

Kwa hiyo Maduhu aliweka sharti moja tu kabla ya kukubali kuonyesha njia.

"Baba Gulnaz," alisema, "tutakwenda. Ila kabla hujafungua mdomo kutaja bei, mtoto asikie kwanza sauti ya baba yake. Hajawahi kuisikia."

Hozefa aliapa. Na njia nzima, Tinde, Isaka, mpaka wanaipita Kahama, hakunyamaza. Alieleza jinsi tarumbeta la Linkoni lilivyosifiwa, jinsi upande mmoja wa santuri anaimba na upande wa pili ni vyombo vitupu. Maduhu alisinzia, akaamka, akamkuta bado yuko kwenye tarumbeta.

Machimbo yenyewe yaliitwa Usinitafute. Yalianza kwa watu wachache waliokimbia wake zao, sasa yalikuwa mji wa maturubai, makarasha yanasaga mawe kutwa, na vumbi jeupe lililowafanya watu wote wafanane na mizimu. Mwalo wa Melania ulikuwa bondeni, kwenye maji. Walimsikia kabla ya kumwona. Wanawake wanne walikuwa wameshika pipa lililojaa marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na wachimbaji, unaonunuliwa ukaoshwe tena, naye anawahesabia wanyanyue. Alihesabu vibaya. "Wan," akagonga kisigino. "Tu," akagonga tena. Halafu, kama aliyesahau, akaanza upya mbiombio: "Wan, tu, thrii, foo." Pipa likapaa.

"Ukiwa mgeni utanyanyua kabla ya wenzako uvunjike kiuno," Nasibu, kijana wa pampu, aliwaeleza wageni. "Mama Boaz hesabu zake zina kwikwi."

Melania akageuka, akawaona. Akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu, mama. Nimekuletea mgeni. Anataka kuona santuri za baba yako."

"Si hizo hapo."

Alionyesha kwa kidevu. Maduhu alitazama alikoonyeshwa, akaona mwalo tu: ubao mrefu ulioinamishwa, pampu inamwaga maji juu, mwanamke mmoja, Philomena, anapakua marudio kwa koleo, tope linateremka. Akatazama tena. Chini ya tope palikuwa na mviringo. Mviringo mwingine. Ubao mzima, kutoka kichwani hadi miguuni, ulitandikwa santuri kama magamba ya samaki, kila moja imepigwa msumari kwenye tundu lake la katikati, na chini ya kichwa cha kila msumari kizibo cha soda.

Hozefa alitoa sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa kama mtu aliyekanyagwa usingizini. Akashika ukingo wa mwalo, akakaa kwenye tope na suruali yake ya dukani.

"Kaona nyoka?" Philomena aliuliza.

Watu wakacheka. Melania hakucheka, ila hakuelewa pia. Akadhani mgeni anashangaa ufundi, basi akaeleza, kwa fahari kidogo. Wenzake walitandika blanketi tupu, na ile dhahabu ya vumbi ikawapita ikaenda mtoni. Yeye alikumbuka sahani za baba yake zina michirizi. Akajaribu moja. Michirizi ikashika kile blanketi lilichoshindwa. Ndizo zilizomsomesha mwanawe Boaz, ndizo zilizoezeka nyumba ya Nyahanga. Kila sahani aliipima kwa ukucha wa kidole gumba, pande zote mbili, na upande wenye michirizi iliyokwaruza zaidi ndio alioulaza juu.

"Na hii hapa," akasema, akigusa iliyokuwa kichwani kabisa, pale maji yanapoangukia, "hii haijawahi kuninyima. Ina jogoo. Ilikuwa na jogoo, tope limemla."

Maduhu alimtazama Hozefa, akitumaini yule msomaji wa majalada atasema kwamba siyo, kwamba majogoo ni mengi. Hozefa alikuwa anatazama sahani, machozi yanateremka bila yeye kuyajua.

Basi ikabidi aseme mwenyewe.

"Melania. Baba yako kabla ya kuja huku alikuwa anapiga tarumbeta na kuimba. Santuri moja tu ndiyo waliyomrekodi. Ndiyo hiyo."

Melania aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya kigeni. Akatazama maji yanavyoangukia ile sahani, tope linavyoisugua, likapita, na jingine likaja.

"Hiyo nini?" aliuliza.

"Hiyo ni sauti yake, ng'wanone, mwanangu."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Kisha Melania akamgeukia Nasibu, akafanya ishara ya kukata shingo, na pampu ikazimwa. Hakuna aliyewahi kuona mwalo ule umenyamaza mchana. Wanawake wakaweka chini makarai. Hata waliokuwa wakioshea ng'ambo wakasimama kutazama.

"Miaka yote hii," Melania alisema, "namwagia baba yangu tope mdomoni."

Na ndivyo ilivyokuwa.

Msumari aliung'oa mwenyewe. Hozefa alijikongoja akitaka kusaidia, akasukumwa kwa kiwiko, bila ubaya. Chini ya sahani palikuwa na kipande cha blanketi. Alikiweka ili ubao usiivunje. Upande wa juu ulikuwa umelika mpaka unang'aa kama upara. Upande wa chini, ule uliolalia blanketi, ulikuwa mweusi, na michirizi yake ilionekana.

Akateka maji safi, akaiweka ndani ya karai, akaiosha kwa kiganja, taratibu, kama mtoto wa arobaini. Hozefa alinyoosha mkono kumzuia, santuri haioshwi hivyo, kisha akaurudisha mkono mfukoni. Melania alipomaliza akataka kumwaga maji, Philomena akamdaka mkono. Chini ya karai palikuwa na mng'ao.

"Usimwage, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Hata kuoga kwake kunalipa."

Mmoja akacheka, akajuta, akaziba mdomo.

Wakaweka pleya juu ya mfuko wa marudio. Hozefa aliijaribu kwanza upande ulioimbwa, ule uliokuwa juu, maana ndio walioufuata. Sindano ilitoka pembeni ikateleza mpaka katikati bila kushika kitu, na spika ikatoa mvumo wa mvua juu ya bati, basi. Hapakuwa na mtu. Melania alisikiliza mvua ile mpaka mwisho.

"Huo upande mwingine?" aliuliza.

"Huo hauna maneno," Hozefa akasema. "Ni vyombo tu, mama. Samahani. Hakuimba upande huo."

"Weka."

Akaigeuza. Mchanga ukalia, kra, kra, kra. Hozefa alikaza uso kama anayechomwa yeye. Halafu, kabla ya chombo chochote, katikati ya mchanga, mwanamume akasema kitu.

"Wan." Kisigino kikagonga mbao. "Tu." Kikagonga tena. Kisha mbiombio: "Wan, tu, thrii, foo." Na tarumbeta likaingia.

Wanawake wanne waliokuwa wamesimama kando ya pipa waliinama na kulishika. Miili yao ilisikia amri, ikatii, vichwa vikachelewa. Walipotambua walichofanya waliliachia wakaruka nyuma. Nasibu alikimbia hatua kadhaa kabla ya kuona haya.

Melania alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Huyo ni mama," alisema. "Mama alikuwa ananihesabia hivyo kunitwika ndoo. Kila siku. Nikamwambia mama, watu hawahesabu hivyo, akanipiga kofi."

Maduhu alikuwa amekuja kumletea mtoto sauti ya baba yake, naye mtoto amekuwa nayo kinywani tangu utotoni, ameigawa machimbo mazima, na watu wakaicheka.

"Rudisha," Melania alisema.

Sasa Hozefa alijua, kuliko mtu yeyote pale, kwamba kila sindano inapopita juu ya mchanga ule inachukua kitu ambacho hakirudi. Ilikuwa santuri aliyoingoja maisha yake yote, na nusu yake ilishakufa. Alirudisha sindano. Hesabu ikalia. Alipoambiwa rudisha, akarudisha tena, na tena, mpaka betri zikaanza kuchoka na baba mtu akawa anahesabu polepole, kama mzee. Hapo Melania akamgusa bega akamwambia yatosha.

Kabla ya kuondoka, Hozefa alinasa hesabu ile kwenye simu, akaituma kwa Boaz. Bei hakutaja. Melania ndiye aliyemuuliza kama bado anaitaka.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi nilikuwa natafuta santuri."

Melania aliifunga ile sahani kwenye kanga, akaipeleka Nyahanga, akaitundika kwa msumari uleule, ukutani juu ya kiti cha marehemu mama yake, upande wa hesabu ukitazama ukuta ili mwanga usiuguse. Zilizobaki alizirudishia maji kesho yake asubuhi, maana marudio yalikuwa yamelipiwa na wanawake walitaka kula. Alizifungua msimu uliofuata, alipopata mikeka ya mpira, na hapo hazikuwa na kitu tena. Machimbo ya Usinitafute yalihama, kama yanavyohama. Nasibu yuko Nkome, anaanika dagaa. Philomena ana mwalo wake, na anahesabu kwa kwikwi. Boaz aliiweka hesabu ya babu yake iwe mlio wa simu. Watu wa ofisini kwake wamemwomba aitoe, hajaitoa. Hozefa hakununua santuri nyingine tangu siku ile. Aliumwa moyo, akafunga duka, binti yake Gulnaz akamchukua Dar es Salaam pamoja na makabati yake ya santuri, na huko ndiko alikozikwa. Maduhu alikaa kwa Melania mpaka mvua zilipoanza. Mvua za mwaka wa pili hazikumkuta hapo.