Gitaa Lililokaa Juu ya Moto

Kabla jogoo hajawika, Scholastika alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga akipuliza moto wa uji, aliposikia kitu kikilia juu ya kichwa chake. Ta! Kisauti kidogo, kama kibuyu kinachopasuka kwa ukavu. Aliinua uso kutazama dari la fito alikohifadhi mbegu, lakini moshi ulikuwa mzito, hakuona kitu.

"Panya," alijisemea. Akasonya, akaongeza kuni.

Chumbani mumewe Damiani alianza kukohoa. Scholastika aliacha mkono wake hewani. Ndivyo alivyozoea: akisikia kikohozi kile, huacha anachokifanya mpaka asikie pumzi imerudi. Ilichelewa. Kisha ikarudi, nyembamba, ikikwaruza kama mlango wenye bawaba kavu.

"Mama Cecilia," Damiani aliita. "Wamefika?"

"Nani afike saa hizi? Hata jua lenyewe halijafika."

"Basi nipe shati langu la kanisani."

Alimpelekea, akamfunga vifungo mwenyewe, kwa sababu vidole vya mumewe siku hizi vilichoka upesi. Vidole hivyo hivyo viliwahi kujulikana kwenye machimbo yote ya Sekenke. Mchana Damiani alichimba dhahabu na rafiki yake Elisha. Jioni waliwapigia wachimbaji gitaa, na kila penye harusi walidandia malori wakaenda kupiga. Vumbi la mawe lilimwua Elisha kwanza. Sasa lilikuwa limejaa kifuani mwa Damiani, na daktari alikuwa amesema kwa upole kwamba dawa alizompa zilikuwa za kumsaidia kupumua, si za kulitoa.

Tangu siku hiyo Damiani alibaki na haja moja tu. Alitaka gitaa lake lirudi kwa watu kabla hajafa. Hakutaka libaki ukutani, watu waje matangani walitazame na kusema lilikuwa la marehemu.

Na mtu wa kulichukua alikuwa amepatikana. Magreth, binti wa Elisha, alikuwa mwanamuziki wa kuzunguka. Aliimba harusini, minadani na kwenye misiba, leo Ikungi, kesho Iramba, daima juu ya pikipiki. Gitaa lake lilikuwa limevunjika shingo kwenye makorongo ya njiani. Alipiga simu kuomba babu Damiani amchagulie lingine litakalovumilia safari. Angekuja kwa wazee hao, Mgori, na magitaa mawili, ambayo mwenye duka mmoja wa Ikungi alimwazima ayajaribu kwa siku hiyo.

"Mawili yake, na langu la tatu," Damiani alisema akinywa uji. "Utaona. Langu litayashinda."

Scholastika alitabasamu. Gitaa lilikuwa salama, na salama hiyo ilikuwa kazi yake. Masika, Damiani akiwa amelazwa hospitalini, mchwa walipanda ukuta wa chumbani wakala mkoba wa gitaa na ubao wa kitanda. Scholastika alilitoa haraka, akalifunga kwa kitenge chake kizuri, akalipandisha darini juu ya moto pamoja na mbegu. Moshi wa pale hufukuza kila mdudu. Mbegu hukaa hadi msimu mwingine bila kutobolewa hata punje. Hakujua mahali pengine salama zaidi katika nyumba yao. Damiani aliporudi hakuwa na pumzi ya kupiga, na kuliona gitaa kungemuumiza. "Acha lilale hukohuko ulikoliweka," alisema. Hakuuliza ni wapi.

Jua lilipopanda, pikipiki iliingia uani. Aliyeiendesha alikuwa Gasto, mpiga ngoma wa Magreth, mwanamume mrefu anayecheka hata anaposalimia, na Magreth alikuwa nyuma yake na magitaa.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Poleni na njia."

Magreth alipiga goti, akaishika mikono ya Damiani kwa mikono yake yote miwili, hakuiachia upesi. Kisha akahama kukaa upande ambao upepo usingempulizia mzee vumbi la nguo zake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Scholastika aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Babu umependeza," Gasto alisema. "Unaoa?"

"Nikioa, ngoma sikupi wewe. Unapiga kama mtu anayefukuza ndege shambani."

"Na ndege wanaondoka, babu. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Damiani alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Wote wakangoja pumzi yake irudi.

Gitaa la kwanza lilikuwa kubwa, jekundu, linang'aa kama gari jipya. Damiani hakulipiga. Alifumba macho akagonga tumbo la gitaa kwa kifundo cha kidole, kidogo kidogo, kuanzia juu hadi chini, akisikiliza. Kisha akalinyanyua, akachungulia kwenye shingo kama mtu anayekagua mpini wa jembe.

"Limenyooka. Kaza nyuzi zake, halafu liweke juani."

"Juani, babu?" Magreth alishtuka.

"Wewe siku ya mnada utaimba kivulini? Mama Cecilia, injika maharage. Yakichemka, tutalitoa."

Maharage yalipochemka, gitaa jekundu lilikuwa limevimba kifuani na nyuzi zimeinuka juu ya shingo. Damiani akaamuru lifungwe mgongoni mwa Gasto, aende nalo mpaka kanisani na kurudi, na asikwepe shimo hata moja.

"Babu, mwenye duka akiniona atanipeleka polisi!"

"Mwenye duka hatakuwepo siku nyuzi zitakapolegea mbele ya watu. Nenda."

Gasto alikwenda, vumbi likapanda nyuma yake. Aliporudi, nyuzi zote zilikuwa zimelegea.

"Hili ni la sebuleni," Damiani alisema. "Mtu wa kukaa mahali pamoja achague sauti. Wewe wa kusafiri, chagua kitakachofika."

La pili lilikuwa dogo, la rangi ya udongo, tumbo lake la plaiwudi. Gasto alipolisikia alisema linalia kama mwanambuzi aliyepotezana na mama yake. Lakini jua halikulivimbisha, na baada ya kanisani lilirudi na nyuzi karibu zote mahali pake. Damiani akamwonyesha Magreth ukingo wa tundu: mbao nyembamba tabaka juu ya tabaka, kila moja imelazwa kinyume cha mwenzake, ili ukavu ukivuta huku, nyingine ivute kule.

"Linavumilia," alikubali, bila furaha. "Haya. Mama Cecilia, lete langu."

Scholastika aliingia jikoni, akapanda juu ya kigoda, akalishusha. Lilikuwa jepesi kuliko alivyolikumbuka. Alikuja nalo uani amelipakata, akaliweka juu ya magoti ya mumewe, akafungua fundo la kitenge.

Masizi yalikuwa yamelifanya jeusi. Uso wake ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye tundu hadi chini kabisa, ufa umeachama kama mdomo. Daraja linaloshika nyuzi lilikuwa limeng'oka upande mmoja, kama ukucha unaotoka kidoleni. Ndipo Scholastika alipojua kwamba alfajiri ile hakukuwa na panya. Na haikuwa alfajiri ile tu. Uji, ugali, maji ya kumwogesha mgonjwa wake, moto wote huo yeye mwenyewe aliuwasha chini ya gitaa lile.

"Lilikuwa wapi?" Damiani aliuliza taratibu.

"Darini. Juu ya moto. Mchwa walikuwa wameshalifikia, baba Cecilia. Nikaona kule mbegu hazitobolewi, nikasema..."

Damiani alilitazama gitaa. Kisha akalishika pindo la kitenge, akalikung'uta masizi kwa vidole vyake.

"Mchwa wangelimaliza lote," alisema. "Na umelifunga kwa kitenge chako cha Pasaka."

Angemgombeza, Scholastika angejua pa kuweka mikono yake. Alisimama tu, ameishika mbele ya tumbo, macho yamejaa machozi.

"Babu, nalichukua hilihili," Magreth alisema haraka. "Mjini yupo fundi, ataliziba."

Uso wa Damiani ukachangamka, na Scholastika aliogopa kuuona vile. Mzee alikaza nyuzi, akapiga wimbo mmoja wa zamani waliokuwa wakiupiga na Elisha. Ufa uliunguruma kama nyuki ndani ya debe. Lakini chini ya mngurumo ule sauti yenyewe ilikuwemo bado, pana na ya joto. Magreth alijiziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameisikia akiwa mtoto, baba yake akiimba.

"Gundi tu," Damiani alisema, pumzi zinamwishia. "Gundi kidogo."

Walikubali wote kwa vichwa. Mzee alilipapasa gitaa, akamtazama Magreth, akaitazama pikipiki.

"Gasto. Lipeleke kanisani."

"Ah, babu, hili halina haja. Hili tunalijua."

"Yale yamekwenda."

Gasto alilifunga kifuani badala ya mgongoni, akaondoka. Walimsikia akienda polepole, injini ikinong'ona. Alirudi akitabasamu, gitaa zima mikononi. "Limefika, babu! Si unaliona? Limefika!"

"Kilichokufa ni kifua, masikio ninayo," Damiani alijibu. "Umeendesha kama umempakia mjamzito. Nenda tena. Mgongoni, na uende kama ulivyokwenda na yale."

"Baba Cecilia, liache," Scholastika aliomba. "Nakuomba. Liache tu."

"Niliache likamvunjikie mtoto wa Elisha mbele ya watu? Msibani kwa mtu, amesimama, watu wanalia, daraja ling'oke?" Alipumzika, akavuta hewa. "Nalitaka liende, mama Cecilia. Wewe unajua ninavyotaka. Nenda, Gasto."

Gasto alimtazama Magreth. Magreth aliinamisha kichwa.

Safari hii walisikia injini ikinguruma, na walisikia mashimo. Kisha, mbali, pikipiki ikazimika. Gasto alitokea kwa miguu akiisukuma, kama mtu anayeingia penye matanga asiyetaka kuwaamsha waliolala. Daraja lilikuwa limeng'oka kabisa, limening'inia kwenye nyuzi, na uso wa gitaa umebonyea ndani. Alilirudisha juu ya magoti ya mzee. Mtu mzima yule alikuwa analia waziwazi.

"Nisamehe, babu."

"Umefanya nilichokutuma. Umefanya vizuri."

Damiani alizikusanya nyuzi, akazipanga pamoja kama mtu anayemlaza marehemu mikono. Hakulia. Alimwambia Magreth achukue lile dogo. Akamfundisha: alegeze nyuzi kidogo kabla ya safari ndefu, asiliache juani ndani ya mfuko mweusi, alifunge mgongoni mwake mwenyewe, si kwenye kiti cha pikipiki, kwa kuwa mwili wa mtu hupokea mitikisiko. Alitaja jua, mvua, vumbi na matuta ya barabara. Moto hakuutaja. Scholastika alingoja autaje, na alipoona somo limeisha bila kutajwa, aliingia jikoni akajifuta uso kwa upande wa khanga.

Walikula ugali wa mtama na yale maharage. Damiani alimega tonge moja, akaliacha sahanini. Kisha Magreth alipiga lile gitaa dogo akaimba. Sauti ya gitaa ilikuwa nyembamba kweli. Mzee alisikiliza amefumba macho, na mara moja tu alinyoosha kidole kuashiria uzi uliopanda, Magreth akaushusha.

"Litafika," alisema.

Jua lilikuwa linashuka, na mwenye duka alikuwa anasubiri gitaa lake jekundu. Scholastika aliwafungia kuku mmoja na mayai machache ndani ya kikapu, Gasto akakataa, kisha akapokea kwa mikono miwili. Magreth alipiga goti tena mbele ya mkeka wa Damiani kuaga.

"Utarudi lini?" mzee aliuliza.

"Baada ya mavuno, babu. Tumeitwa kote Mkalama mpaka mvua zikolee. Mavuno yakiisha nakuja, nakaa hapa wiki nzima."

Damiani aligeuza macho kwenye mashamba. Mabua ya alizeti ya msimu uliopita yalikuwa yamesimama makavu, na ardhi haikuwa imeguswa na jembe, inangoja mvua ya kwanza. Aliutafuta mkono wa Magreth, akaushika.

"Mavuno ni mbali, mwanangu," alisema. "Njoo kabla."