Maziwa Niliyompa Chepkemboi

Chepkemboi alikuja kwangu Ijumaa jioni kuomba mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Alisema anatarajia wageni wa kanisa kutoka Sotik, na maziwa yake hayajaiva. Nikampa kibuyu kikubwa, kile cha ushanga mwekundu na mweupe shingoni, nilichokisugua kwa mkaa na kukiacha kikae vizuri. Sikuuliza zaidi. Mimi na yeye ndio tulianzisha kikundi cha akina mama hapa karibu na Kiptere, na kwake huwa naingia bila hodi.

Wakati huo kikundi kilikuwa na jambo moja. Nelvine, mtoto wa marehemu dada yake Chepkemboi, huchuma chai kwenye shamba kubwa ng'ambo ya mto. Nyapara wake, Kipkurui, alimtaka. Msichana alipokataa, akahamishiwa kwenye mteremko wa mawe ambako kikapu hakijai. Halafu siku ya mvua Kipkurui akamshika kwa nguvu nyuma ya banda la kupimia majani. Syprose, anayeishi kwenye nyumba za wafanyakazi, alisikia kilio akakimbilia huko, ndipo nyapara akatoroka.

Tulikaa na msichana jikoni kwangu mara nyingi, tukimenya viazi bila kumharakisha, mpaka akasema mwenyewe, akiniita nyanya kwa lugha yetu: "Kogo, nitasema. Lakini usiniache nikiwa katikati."

Nikamwahidi. Jumatatu tungempeleka Kericho, polisi.

Jumamosi nikaona nikamsaidie Chepkemboi na wageni wake, maana ugali wake huwa unahitaji panga. Nikajifunga leso safi, nikabeba sukari kidogo. Kuingia tu, nikakuta, badala ya watu wa kanisa, wazee watatu wameketi, na katikati yao Kipkurui, kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na maziwa yangu yamemwachia weupe juu ya mdomo.

Kwetu mkiwa na ugomvi kisha mkanywa mursik pamoja, ugomvi umekwisha. Atakayeufukua baadaye ndiye ataonekana mbaya.

Mzee mmoja akainuka kunisalimu kwa mikono miwili. "Asante, mama. Tuliogopa hicho kikundi chenu. Lakini Chepkemboi alipotuambia maziwa umetoa wewe, tukajua umekubali."

Chepkemboi alikuwa akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. Nikamwita nje, kwenye tangi la maji. Akanieleza polepole kwamba kijana wake ameahidiwa kazi ya trekta kiwandani, na Nelvine atarudishwa kwenye chai ya tambarare.

"Watoto wako wako Nairobi, wanakutumia," akasema. "Wangu ako hapa, analala mpaka saa nne."

"Na kwa nini maziwa yangu?"

"Yangu peke yake wasingeamini."

Nilirudi ndani nikawaambia wale wanaume kwamba nimedanganywa, sijakubali chochote. Hawakukasirika. Mmoja alicheka kidogo, akanionyesha kikombe chake kitupu. Kipkurui akajifuta mdomo.

Nelvine alikuwa jikoni kwa Chepkemboi, anaosha vikombe. Nikamweleza kila kitu, tangu Ijumaa. Aliendelea kusuuza.

"Kibuyu nakijua, Kogo," akasema. "Si ni mimi hukuoshea? Ni sawa. Nyinyi ni watu wazima."

Jumatatu asubuhi mimi na Syprose tulisimama barabarani kwenye ukungu. Syprose alikuwa ameshawaambia majirani zake kwamba atatoa ushahidi. Nyumba anayolala ni ya kampuni, na Kipkurui anajua mlango wake. Wachumaji wakaanza kupita na vikapu mgongoni, na kati yao Nelvine, amefunga kiunoni plastiki yake ya kukinga umande.

Syprose akamwita. Msichana alikuja, akatusalimu kwa mkono sote wawili, akaniuliza magoti yanaendeleaje. Nikamwambia bado tunaweza kwenda, gari halijapita. Akasema akichelewa atapewa mstari mbaya, akawafuata wenzake. Hakukimbia. Alitembea tu kama mtu anayeenda kazini.

Nikamwambia Syprose twende hivyo hivyo, sisi wawili, tukaseme tunachojua. Hakusogea. Alikuwa bado anaangalia kule wachumaji walikopotelea. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayemuuliza mgonjwa:

"Mama, yale maziwa, kweli hukujua?"