Koti Lisilopimwa

Fundi cherehani hajui kuchelewa kitandani, na Bi Mkasi, kama mtaa wao mzima ulivyozoea kumwita, alikuwa macho kabla jua halijapanda. Ndiyo maana aliyasikia yale ambayo hayakukusudiwa masikio yake. Mwanawe wa pekee, ambaye Bi Mkasi alikuja kumtembelea katika mji huu wa ugenini, alikuwa jikoni anaongea kwa simu na baba yake mdogo huko nyumbani.

"Mama harudi," alikuwa akisema. "Umri umekwenda. Cherehani zote tatu ziuzwe, na chumba cha kushonea kipangishwe. Nitamwambia leo jioni, nikishamtembeza mjini. Akifurahi atakubali."

Haya, mmesikia wenyewe! Akifurahi atakubali. Kama mtoto anayepewa pipi kabla ya kuchomwa sindano.

Bi Mkasi hakupiga kelele. Alikwenda sebuleni kwenye droo ambamo mwanawe alikuwa amemhifadhia karatasi zake, "zisije zikapotea", akatoa pasipoti na tiketi ya ndege ya Alhamisi, akavitia mkobani. Kisha akavaa, na mwisho kabisa akatundika shingoni futi yake ya kupimia nguo. Ameivaa futi hiyo miaka thelathini na minane, na bila hiyo hujiona yuko uchi.

"Mama, futi ya nini tena?" mwanawe akauliza mlangoni. "Tunakwenda kutembea, si kushona."

"Na hiyo saa mkononi mwako ya nini? Si tunakwenda kutembea?"

Jamaa akafunga mlango, wakatoka.

Tusimwonee. Hakuwa mtoto mbaya hata kidogo. Mwaka jana mama yake alianguka kutoka kwenye kigoda akitundika vitambaa, akavunjika kifundo cha mkono, naye akazipokea habari hizo kwa simu akiwa mbali asiweze hata kumpa maji ya kunywa. Tangu hapo usingizi wake haukuwa usingizi. Mapenzi yalikuwepo, tena tele. Lakini kumpangia mtu mzima maisha yake wakati yeye yuko chumba cha pili anakunja shuka, hilo mimi siwezi kuliita mapenzi peke yake, na Bi Mkasi naye hakuweza.

Basi wakatembea. Waliona mnara wa saa, wakapita daraja la chuma, wakaingia jumba la makumbusho lenye viti vya mfalme fulani vilivyozungushiwa kamba. "Viti vyote hivi, na watu tumechoka!" akasema Bi Mkasi, mlinzi akamtazama kwa jicho baya, naye akamtazama vilevile. Walikula aiskrimu kando ya chemchemi. Alifurahi kweli, asije mtu akadhani alinuna kutwa. Ila kila walipopumzika, mwanawe alianza.

"Unaona palivyo pazuri, mama? Mtu angeweza kuishi hapa."

"Pazuri mno. Ndiyo maana napatazama vizuri, nikawasimulie wasichana wangu." Wasichana hao ni wawili anaowafunza kazi, waliobaki na funguo.

Madukani ndiko vita vilikokuwa wazi zaidi, ingawa aliyejua kuwa ni vita alikuwa mmoja tu. Mwanawe alimwonyesha blanketi zito. Hataki. Ndara za manyoya za kuvaa ndani. Hataki.

"Baridi ya hapa ikianza, mama, haina mchezo."

"Ikianza itanikosa."

Yeye alinunua zipu, sindano za cherehani, uzi mweusi mabunda sita, na vifungo mia mbili vya mashati.

"Mia mbili! Unavipeleka wapi vyote hivi?"

"Kwenye mashati," akajibu, akatangulia.

Mwisho wakaingia duka kubwa la nguo, na hapo mwanawe akatabasamu kama aliyeficha zawadi, maana kweli alikuwa ameificha. Wiki iliyopita alikuwa amemnunulia mama yake koti la baridi, akaliacha hapo. Muuzaji akalileta. Bi Mkasi akavalishwa. Mabega yakamwagika, mikono ikameza vidole vyote.

"Vipimo vyangu nani alikupa?"

"Nilikisia tu, mama."

"Ulikisia." Akalivua, akaligeuza ndani nje palepale juu ya meza, akaanza kupapasa mishono. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na humo ndani bitana ilikuwa imeshikizwa kwa gundi. "Astaghfiru! Gundi! Wamebandika bahasha au wameshona koti?"

"Mama, watu wanatutazama."

Kweli walikuwa wanatazamwa. Bwana mmoja mnene, amevaa suruali mpya inayoburura chini, alikuwa amemwona mwanamke mwenye futi shingoni akikagua koti lililogeuzwa, akajua bila shaka kwamba huyu ndiye fundi wa duka. Akaja, akasema maneno yake, akapandisha mguu juu ya kigoda. Mwanawe akababaika, akaanza kumweleza kwa lugha ya huko kwamba jamani, huyu ni mama yangu, ni mgeni.

"Mwache," akasema Bi Mkasi. "Suruali inaburura. Hilo nalo linataka mkalimani?"

Akapiga magoti, yale magoti ya mtu aliyesemwa asubuhi kuwa umri umekwenda. Akatoa pini mkobani, akakunja pindo la kulia, akapima, akapiga pini. Alipofika kushoto akasita, akapima tena. Mguu wa kushoto wa yule bwana ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole kimoja, jambo ambalo huenda hata mkewe hakulijua. Akaukunja peke yake, kwa kipimo chake.

Ndipo fundi halisi wa duka akatoka nyuma, mzee wa makamo yake, naye futi shingoni. Mwanawe akafumba macho. Yule mzee akainama, akaziangalia pini za kulia, akaziangalia za kushoto, akacheka kwa sauti. Akatoa chaki mfukoni mwake akampa Bi Mkasi, achore mwenyewe. Aliporudishiwa akakataa kuipokea, akamkunjia vidole juu yake.

"Mkono hauumi?" mwanawe akauliza walipotoka. Koti walikuwa wameliacha mezani.

"Unauma. Unauma na unashona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, baba."

Wakakaa kwenye benchi uwanjani. Mwanawe akakohoa kidogo, akajiweka sawa.

"Mama, kuna jambo nilitaka tuzungumze."

"Nimeshalisikia asubuhi. Mlango wa jiko lako haufungi vizuri." Akatoa tiketi na pasipoti, akaviweka mapajani. "Alhamisi naondoka."

Mtoto wa watu akakosa pa kuangalia. "Nilikuogopea, mama. Mkataa pema, pabaya panamwita."

"Pananiita kweli! Pana cherehani tatu na wasichana wawili, na pananiita tangu wiki iliyopita. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi leo siku ya ishirini na moja, na jembe langu ndilo mnaloliuza." Sauti yake ikapanda, akaiacha ipande. "Nimekata vitambaa vya watu miaka thelathini na minane. Hakuna siku niliyotia mkasi kabla ya kumsimamisha mwenye mwili nikampima. Hata mtoto wa miaka miwili namsimamisha. Wewe umenikatia maisha yangu yote yaliyobaki, na hukuniita nisimame! Mimi ni mamako. Nimeumia."

Machozi yalikuwa yanamtoka mwanawe, na hakuyafuta.

"Mpigie baba yako mdogo."

Akapiga. Bi Mkasi akaichukua simu.

"Shemeji, hujambo? Vizuri. Mnunuzi anakuja kesho? Mwambie asijisumbue. Cherehani zangu zikisogezwa hata shubiri moja, ile suti yako ya harusi ya bintiyo, ambayo iko kwangu haijamalizwa, utaivaa ina mkono mmoja. Naam? Ahsante. Alhamisi basi, nisalimie nyumbani."

Akamrudishia mwanawe simu. Kisha Bi Mkasi akainuka, akavuta futi kutoka shingoni.

"Simama."

"Hapa, mama? Mbele za watu?"

"Simama."

Akasimama. Mama yake akampima bega hadi bega, akampima kifua, akaandika kwa ile chaki nyuma ya mfuko wa vifungo. "Umepungua. Unakula kweli wewe?"

"Unapima nini?"

"Koti. Litakuwa tayari mwezi wa kumi na mbili."

"Utanitumia?"

"Mimi situmi nguo. Mteja huja mwenyewe kujaribu. Nyoosha mkono."

Akaunyoosha.